Kabla ya kushika shingo, angalia kopo la chumvi

Bibi yangu wa Makete, kule milimani, alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, kubwa kama ngumi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza alimeza nini kikakwama pale. Alicheka tu, akavuta mtandio wake juu kidogo. Kijijini wapo walionong'ona kwamba amerogwa. Chumvi haikutajwa na yeyote.

Miaka ikapita, nikaolewa Lindi, pwani. Mimba ya kwanza ikiwa na miezi minne, muuguzi wa kliniki akaniuliza: "Mama, nyumbani unatumia chumvi gani?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni ya mawe, napimiwa na jirani mwenye shamba la chumvi. Si ya bahari hiyo? Na bahari si ndiko yaliko madini joto, yaani iodini?

Akaniambia yako, lakini tunayapata kwa samaki na mwani. Maji ya bahari yakikauka juani, chumvi inayobaki huwa na madini joto kidogo mno. Lazima yaongezwe, ndiyo maana pakiti huandikwa kwamba yameongezwa. Aibu niliyoona siku ile!

Tezi ya shingoni huyatumia kutengeneza homoni zinazoendesha mwili mzima. Yakipungua, tezi hutanuka ikihangaika kunasa hicho kidogo kilichopo. Rovu la bibi ndilo hilo. Milimani, mvua za karne na karne zimeyaosha kwenye udongo, hivyo mahindi na viazi vya kule huota bila madini joto ya kutosha. Samaki wa bahari bibi alimwona wapi?

Lakini rovu si baya kuliko yote, ila tu linaonekana. Mwingine huchoka ovyo, husikia baridi wenzake wakitokwa jasho, ngozi ikamkauka, akanenepa bila kula sana. Kwa mjamzito upungufu huu ni mzito zaidi: mimba inaweza kutoka, mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa kiziwi, au ubongo wake usikue sawasawa, na madhara hayo ya ubongo hayarudishwi nyuma. Miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama, kwa hiyo usisubiri tumbo lionekane.

Kiasi chenyewe cha madini joto ni kidogo ajabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Ya maisha yote hayajazi kijiko cha chai.

Kosa langu la pili lilikuwa kopo lisilo na kifuniko, kando ya jiko. Joto, unyevu na jua huyapoteza madini joto hata ukinunua pakiti nzuri. Sasa nafunika, naweka mbali na moto, na chumvi natia mboga zikikaribia kuiva. Siongezi kiasi: Shirika la Afya Duniani linataka tusizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na presha nayo ipo. Wala muhogo mchungu simenyi na kupika haraka haraka. Usipolowekwa vizuri huizuia tezi kunasa madini joto.

Ukiona uvimbe shingoni, nenda ukapimwe, maana si kila uvimbe ni upungufu huu. Usijinywee matone ya iodini kwa kusikia ya mtaani, kwani yakizidi nayo huvuruga tezi.

Chumvi ya mawe bado nanunua kwa jirani. Naitumia kukaushia samaki.