Nimefundisha vijana kulenga shabaha kwa upinde miaka 11, haya ndiyo niliyoyapata

Mkuu, umesema wewe mwenyewe ni mpiga mishale, klabu imekuomba uwachukue vijana wanaojiandaa na mashindano, na unataka kujua kama kuna utakachopata au utapoteza tu muda wa mazoezi yako. Nimekaa na vijana wa miaka 10 hadi 17 kwa misimu 11, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Hasara ipo, tusifichane. Msimu wa kwanza alama zangu zilishuka. Ukisimama nyuma ya watoto wanane kwa saa tatu, mwili na akili vinachoka, na mishale yako 100 ya jioni unaipiga ili mradi tu. Kama bado unataka kushindana, tenga siku zako na siku zao.

Faida ya kwanza ilinijia nisipoitegemea. Mtoto mmoja aliniuliza, "Kocha, nikishavuta ugwe mpaka kidevuni, nguvu naiweka mkononi au mgongoni?" Nikachukua upinde nimwonyeshe, na palepale nikagundua kuwa miaka yote nilikuwa nalipandisha bega la mkono unaoshika upinde. Hakuna aliyewahi kuniambia. Swali la mtoto ndilo lililonirekebisha.

Jambo la pili ni tabia. Kwenye mchezo huu mpigaji anasoma mishale yake mwenyewe pale kwenye shabaha, wenzake wanahakiki. Mshale ukigusa mstari unapewa alama ya juu. Kijana wangu mmoja alikuwa na mshale uliokaa karibu kabisa na mstari wa tisa, na wenzake wakawa tayari kuandika tisa. Akainama, akatazama upande huu na ule bila kuugusa, akasema, "Haujagusa. Ni nane." Alama hiyo moja ilimshusha nafasi kwenye orodha. Mimi nilikuwa mbali, nikiwa na darubini yangu, nikaja kuyasikia kwa mzazi wa mshindani wake. Mkuu, usiku ule usingizi ulinipaa kwa furaha.

Utakutana na wazazi wenye haraka. Watakutajia Kim Je-deok wa Korea Kusini, aliyechukua dhahabu mbili za Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 17. Ni kweli, na nafurahi wanamjua. Lakini mtoto anayeanza mpe upinde mwepesi kuvuta, wa nguvu ya ratili 14 hadi 20 kutegemea umbo lake, na usikubali shinikizo la kumwongezea kabla mgongo haujakomaa. Mpime urefu wa mvuto, yaani umbali anaovuta ugwe, kila baada ya miezi michache, kwa sababu mikono inarefuka na mishale haibadiliki. Mshale uliokuwa mfupi unaweza kurudi nyuma ya kishikio na kumjeruhi mkono. Hili usilifanyie mzaha hata siku moja.

Sasa nikwambie kilichonifanya nisiache.

Nililetewa binti wa miaka 13 aliyekuwa ameanzishwa na upinde mzito mno. Akiinua upinde tu, kabla hajafika kwenye njano ya katikati ya shabaha, mshale unamtoka. Anajua anakosea, anajitahidi kuuzuia, vidole vinaachia vyenyewe. Wapiga mishale wazima wameacha mchezo kwa sababu ya hofu hii ya shabaha. Nikampunguzia uzito wa upinde, nikaiondoa shabaha kabisa. Wiki saba alipiga kwenye robota la majani makavu, hatua tatu mbele yake, macho yamefumba. Wiki ya pili alilia, akasema wenzake wanamwona mjinga. Mama yake naye alikuwa na mashaka na mimi. Nami nilikuwa na mashaka, ila sikumwonyesha mtoto.

Kwenye upinde wake kulikuwa na kile kibati chembamba kinacholalia mshale na kulia "tik" unapofika mvuto wake kamili. Kanuni yetu ilikuwa moja: usiachie mpaka ukisikie. Wiki ya sita nilisikia tik, kimya kidogo, kisha mshale. Mkono wa nyuma uliteleza taratibu hadi chini ya sikio na mkono wa upinde ukabaki umenyooka. Hakufungua macho kuangalia mshale umeingia wapi. Nilijifanya nahesabu mishale kwenye podo ili asinione usoni.

Baadaye tukarudisha karatasi tupu isiyo na duara, halafu shabaha kubwa mita 10, halafu 18, tukasogea hivyo hivyo hadi mita 60 za vijana walio chini ya miaka 18. Kutoka hapo, shabaha ya sentimita 122 ni kitu kidogo sana machoni, na duara la kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu.

Miaka miwili baada ya lile robota alifika robo fainali. Seti tano ziliisha kwa sare ya pointi 5-5, ikabidi kila mmoja apige mshale mmoja wa kuamua. Mpinzani akaweka kumi. Yangu ilikuwa kazi ya kusimama tu nyuma yake, sina la kumwambia ambalo halijui. Akainua, akavuta, akasubiri. Sekunde zilikuwa zinakatika na watu wamenyamaza. Tik. Mshale ukakaa kwenye tisa, akatolewa.

Akampa mpinzani mkono, akachukua podo lake, akaja moja kwa moja hadi niliposimama. "Kocha," akasema, macho yanang'aa, "umekisikia? Nilikisubiri."