CEA: ipimwe kabla ya kisu, kisha isubiriwe

Msomaji wa Kondoa ameniandikia kuhusu baba yake, aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana hapa Dodoma. Kabla ya upasuaji CEA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ilikuwa 24. Siku ya kumi baada yake wamepima tena, imesoma 9, na nyumbani hakulaliki: ina maana saratani imebaki?

Ndugu yangu, majibu hayo hayasemi hivyo. CEA ni protini ambayo uvimbe huimwaga kwenye damu. Uvimbe ukiondolewa, iliyobaki hupungua nusu kila siku tatu hadi saba hivi. Chukua siku saba: 24 inakuwa 12 baada ya wiki, na karibu 9 siku ya kumi. Inashuka inavyotakiwa. Pimeni tena kati ya wiki ya nne na ya sita. Ikiwa hapo bado imezidi 5, mpaka wa kawaida, ndipo daktari atafute kilichobaki kwa CT skani ya kifua, tumbo na nyonga, na ini likaguliwe kwa makini, kwa kuwa damu ya utumbo hupitia huko kwanza.

Heri yenu mlipima mapema. Inaniuma sana kukuta faili halina namba ya kabla ya upasuaji, kwa sababu uvimbe ukishatolewa namba hiyo haipatikani tena. CEA inayozidi nanogramu 5 kwa mililita kabla ya kisu huashiria hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kurudi. Ila ikishuka ikawa ya kawaida baadaye, matarajio ya mgonjwa hukaribia ya yule ambaye kwake haikupanda kabisa.

Sigara, homa ya ini na ini lililosinyaa huipandisha bila saratani, na uvimbe mwingine hautoi CEA hata kidogo. Kwa hiyo asipimwe mtu mwenye afya njema ili kusaka saratani. Tena msihamehame maabara: mashine tofauti husoma damu ileile tofauti, na 4 ya huku kuwa 6 ya kule si lazima iwe habari. Anayemeza vidonge vya bayotini vya nywele na kucha aseme, maana baadhi ya mashine hudanganywa navyo zikasoma chini.

Sasa kipande chenyewe cha utumbo. Ombeni kipimwe protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA ndani ya seli: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Hata moja ikikosekana katika saratani ya hatua ya pili, mara nyingi matarajio ni mazuri zaidi, na dawa ya saratani ya fluorourasili peke yake haitarajiwi kumsaidia mgonjwa. Hapa ndipo formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ikitumiwa vibaya huharibu kazi. Utumbo upasuliwe kwa urefu, uoshwe, uingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa ndani ya saa moja, ujazo wake mara kumi ya nyama. Utumbo uliofungwa mzima huoza katikati, kwani formalini hupenya taratibu, kama milimita moja kwa saa. Protini zikipotea kwa kuoza, kiini cha seli hakishiki rangi inayotumika kuzionyesha, na mtu anaweza kuandika kwamba zimekosekana. Kinga yake ni kuangalia limfosaiti za pembeni, yaani seli nyeupe za damu zisizo na saratani: nazo zisiposhika rangi, kipimo hakifai, kirudiwe kwenye bloki nyingine, yaani kipande kingine cha nyama kilichogandishwa kwenye nta.

Kwa baba, baada ya wiki ya sita, CEA ipimwe kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita hadi mwaka wa tano. Ikipanda, irudieni kwanza kwenye maabara ileile kabla hamjaanza kuuza ng'ombe.