Mapenzi ya Watu Wazima na Mji wa Juu: Majibu kwa Wasomaji wa Safu ya Filamu

Swali: Ndugu mhariri, pokea salamu kutoka Newala. Mimi ni mama wa miaka 52, mjane, na kazi yangu ni kushona nguo sokoni. Hivi karibuni mimi na wenzangu wa kikoba tulitazama filamu ya Marekani, ya mwanamke wa makamo aliyeachika, ambaye anapanda kwenye mji mdogo wa milimani ili auze nyumba ya marehemu baba yake, na huko anampenda fundi seremala wa rika lake. Tulicheka hadi machozi, kisha mmoja wetu akasema kwamba kisa kama hicho kingefaa kuigizwa hapa kwetu. Tumeanza kuandika, nami nimeambatanisha kurasa za mwanzo, lakini kila tukizisoma hazichekeshi. Tunakosea wapi? — Mama wa Newala

Jibu: Dada yangu, kurasa zenu nimezisoma zote, na kasoro yake naiona mahali pamoja: kila panapotakiwa kicheko, mmekichota kwenye uzee. Bwana wenu anadondosha meno ya bandia kwenye bakuli la mchuzi, anasahau jina la mchumba wake, anaishiwa pumzi akipanda ngazi tatu. Mtazamaji atacheka mara ya kwanza, mara ya pili atamwonea huruma, na huruma ya namna hiyo ikishaingia, mapenzi hayaaminiki tena. Filamu mliyoitazama haikwenda njia hiyo. Kilichowachekesha, kama nimeyaelewa vyema masimulizi yako, ni mwanamke aliyezoea kujipangia kila kitu, aliyejiapiza kwamba mambo ya wanaume ameyamaliza, ambaye sasa anajikuta akipita mbele ya karakana ya fundi asubuhi, mchana na jioni, kila mara na kisingizio kipya.

Vijana wanaopendana kwenye filamu huzuiwa na watu wengine, kama vile baba mkali, au tajiri anayemtaka binti yuleyule. Watu wazima hawana wa kuwazuia, na utamu wa visa vyao umo humo, kwa sababu wanajizuia wenyewe: kwa mazoea, kwa majeraha ya ndoa ya kwanza, kwa hofu ya kuchekwa na watoto waliowalea. Katika *Something's Gotta Give* ya mwaka 2003, iliyoandikwa na kuongozwa na Nancy Meyers, Diane Keaton na Jack Nicholson, mmoja akiwa amevuka miaka 55 na mwenzake miaka 65, wanaigiza watu wawili wenye mafanikio ambao hawahitaji ruhusa ya yeyote. Bwana amewahi kupata mshtuko wa moyo, kwa hiyo wanapotaka kukaribiana faraghani inabidi kwanza apimwe presha. Tunacheka, lakini kipimo kile hakimdhalilishi, kwa kuwa kinatuonyesha watu wanaotakana kiasi cha kukivumilia.

Sasa nije kwenye mji wenyewe. Watunzi hawachagui mji mdogo wa milimani kwa ajili ya mandhari peke yake. Barabara ya kuingia huwa moja, kwa hiyo mgeni anaonekana tangu anapofika. Baridi huwakusanya watu ndani. Na theluji ikifunga njia, aliyekusudia kuondoka kesho hulazimika kukaa hadi moyo wake umsaliti. Newala haina theluji, nami nawasihi msiibuni, lakini mji wenu umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, bonde la Mto Ruvuma likiwa chini yake na Msumbiji ng'ambo, na mna jambo moja ambalo mtunzi wa Marekani angelilipia fedha nyingi, nalo ni maji. Juu ya uwanda hakuna mito, maji husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na siku yanapokatika, majirani wote hukutana kwenye foleni ya ndoo. Pale hakuna wa kujificha. Mama anayeishi peke yake akichota ndoo moja zaidi ya anazochota siku zote, ataulizwa hiyo ya tano ni ya nani, na jibu lake litafika sokoni kabla yake.

Tumieni pia mikorosho, ambayo kurasa zenu hazikuitaja hata mara moja, jambo lililonishangaza kwa watu wa Newala. Fikirini mzee ametoka kupulizia mikorosho yake salfa, ile dawa ya unga, alfajiri, wakati upepo umetulia, na poda imemgeuza wa manjano kuanzia kope hadi viatu. Amepanga kupita njia ya uani akaoge, na hapo uani ndipo anapomkuta mama ambaye amekuwa akimpelekea salamu kupitia watu, sasa amekuja mwenyewe kumjibu. Mwacheni asimame, ajaribu kuamkiana kwa heshima huku kila anapoinua mkono vumbi linamwagika. Kijana katika hali hiyo angetimua mbio; mzee ana hadhi ya kulinda, kwa hiyo anabaki, na kadiri anavyozidi kuilinda ndivyo anavyozidi kuchekesha. Hapo hamjamcheka kwa umri wake.

Mume wa zamani, ambaye kwenye filamu yenu ya Marekani alikuwa wakili wa mjini, kwenu awe kangomba. Mwanamume aliyezoea kununua korosho za wenye shida kwa bei ya kutupa, kabla hazijafika kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, akarudi na suti mpya mara tu anaposikia kwamba mnada umekwenda vizuri na aliyekuwa mkewe amelipwa, huyo hahitaji kuelezwa kwa mtazamaji yeyote wa Mtwara au Lindi. Kazi ya kusema ukweli wa wazi mpeni mtani, maana mila inamruhusu kutamka, hata msibani, neno ambalo ndugu wa damu angelimeza. Na kwa kuwa kwa Wamakonde ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, ningependa sana kumwona mama wa miaka 50 akijieleza kuhusu mchumba mbele ya mjomba aliye mdogo wake kwa miaka kumi, ambaye naye anaona aibu kuuliza maswali anayotakiwa kuuliza.

Angalizo dogo: mkimfanya mhusika wenu kuwa mjane Mwislamu, posa isije ndani ya eda yake ya miezi 4 na siku 10, la sivyo watazamaji wataacha kufuata kisa na kuanza kuwasahihisha.

Swali: Mimi ni baba wa miaka 61, mkazi wa Lindi mjini. Filamu za mapenzi ya watu wenye wajukuu zimezidi, na naona ni kuiga Wazungu. Kwa nini mnazisifu? — Baba wa Lindi

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013 akiwa ajuza, aliimba mapenzi jukwaani hadi uzeeni, na watu wa pwani yote walimshangilia bila kusema ameiga kwa mtu. Wajane na wagane huoana hapo Lindi pia, na masheikh na mapadre huwafungisha ndoa bila kuuliza idadi ya wajukuu. Ninapokubaliana nawe ni kwamba mlango wa chumba cha kulala ufungwe. Sababu yangu ni ya kisanaa zaidi kuliko ya kimaadili: vichekesho vya watu wazima hunoga sebuleni, ambako wawili wanajaribu kunong'onezana na mjukuu anajifanya anasoma.

Swali: Sisi ni vijana wa Masasi, tuna kamera moja. Tunataka kutengeneza filamu ya aina hii kwenye milima yetu ya mawe, kwa wiki moja tu, ikionyesha mapenzi ya wazee wawili wakulima kuanzia upuliziaji hadi mavuno. Je, tunahitaji kibali? — Vijana wa Masasi

Jibu: Ndiyo, wadogo zangu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha, na filamu ikikamilika hupelekwa Bodi ya Filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa kwa umma, hata kama ni kwenye banda umiza la mtaani kwenu. Muswada uwe umekamilika mnapoomba. Kuhusu wiki moja, haitawezekana kwa kisa mlichokieleza, kwa sababu salfa hupuliziwa katikati ya mwaka na mabibo ya mikorosho huiva kuelekea mwisho wake. Ama mpige picha kwa awamu mbili, na waigizaji wenu wasinyoe ndevu wala kubadili nywele katikati, ama mkifupishe kisa kiishie kwenye upuliziaji. Mimi ningechagua kukifupisha.