Meseji kwa mgonjwa: nani atasoma jibu lake?

Maswali ya wasomaji safari hii mengi yametoka kwa wanaotengeneza au kununua mifumo ya meseji kwa kliniki za magonjwa ya kudumu: kisukari, presha, VVU, kifafa. Walioniuliza tena "programu gani ni nzuri" bila kusema mgonjwa wao ana simu ya aina gani, anasoma lugha gani na kliniki ina wauguzi wangapi, sikuwajibu. Nimeshaeleza mara nyingi kwamba swali hilo halijibiki.

Shikamoo mama. Tunatengeneza mfumo wa kuwakumbusha wagonjwa wa presha kumeza dawa kila siku. Tutume saa ngapi ili wazisome? (Vijana wa Tehama, Dar es Salaam)

Marahaba wanangu. Msitume kila siku. Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwafuatilia watu wazima 431 waliokuwa wanaanza ARV, yaani dawa za VVU, na matokeo yakachapishwa 2011. Waliopata meseji mara moja kwa wiki, asilimia 53 walimeza angalau dozi tisa katika kila kumi kwa wiki 48; wasiopata meseji walikuwa asilimia 40. Meseji za kila siku hazikuonyesha faida. Na meseji ndefu hazikushinda fupi.

Najua ninyi mnashughulika na presha, si VVU. Lakini simu inayolia kila siku kwa maneno yale yale, mtu huzoea kuizima bila kusoma, hata ingekuwa inamwambia jambo la maana. Anzeni na mara moja kwa wiki. Saa ya kutuma muulizeni mgonjwa mwenyewe siku anapoandikishwa, kwa sababu mama ntilie, dereva wa lori na mlinzi wa usiku hawashiki simu kwa wakati mmoja.

Hospitali yetu inatuma meseji kwa jina lake badala ya namba, zinapendeza sana. Miezi sita sasa, wagonjwa wanaokosa kliniki hawajapungua. Tumekosea wapi? (Afisa, Mwanza)

Umenipa nafasi ya kusema jambo ninalolisema kila mara, na nitalisema tena. Meseji inayokuja kwa jina haijibiki. Mgonjwa akibonyeza "jibu", haiendi popote. Kwa hiyo miezi sita mmekuwa mkiwatangazia watu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuwaambia kwamba nauli imekwisha, kwamba dawa inamtapisha, au kwamba amefiwa na yuko kijijini.

Jaribio ninalotaka kila mnunuzi wa mifumo alijue lilifanyika Kenya, katika kliniki tatu: Pumwani na Coptic Hope jijini Nairobi, na Kajiado. Wagonjwa 538 walioanza ARV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata meseji kila Jumatatu asubuhi yenye neno moja tu: "Mambo?" Haikutaja dawa, ugonjwa wala kliniki. Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema "Shida" alipigiwa simu na mhudumu. Aliyenyamaza naye alipigiwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010: waliosema wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa kundi la meseji na 50 kwa kundi jingine. Na kwa kuwa mtu anaweza kusema tu anameza, walipima damu pia: waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 kwa kundi la meseji na 48 kwa kundi jingine.

Watu wakisikia habari hii hukimbilia kunakili lile neno. Neno hilo ndilo sehemu rahisi. Iliyo ngumu ni yule mhudumu aliyeshika orodha ya walionyamaza na kuwapigia mmoja mmoja. Yaoundé, Kamerun, watu 200 walijaribiwa kwa meseji ya wiki ya kutia moyo iliyokuwa na namba ya kupiga wakihitaji msaada. Matokeo ya 2012 hayakuonyesha tofauti ya maana. Kazi ya kupiga simu ilibaki kwa mgonjwa, na mgonjwa ndiye asiye na salio, ndiye anayeona haya, ndiye aliyechoka.

Kwanza acheni hilo jina, mtumie namba inayojibika. Halafu mfanye kujibu kuwe bure, kwa mkataba na kila kampuni ya simu, si ile moja tu inayotumiwa na wakubwa wa hospitali.

Unasisitiza sana mgonjwa ajibu. Jaribio la Cape Town lilionyesha kujibu hakuongezi kitu. Mbona hulitaji? (Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi)

Nalitaja sasa. Wagonjwa 1,372 wa presha walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yakatoka 2016. Waliopokea meseji za taarifa tu, namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa takriban 2 zaidi ya wasiopata meseji. Waliopewa nafasi ya kujibu hawakuwazidi wenzao. Ni kweli, na mshuko wenyewe ulikuwa mdogo kwa makundi yote.

Lakini soma ujue "kujibu" kulikuwa nini. Mgonjwa alituma ombi la bure la kupigiwa, na mashine ikamrudishia machaguo: badilisha miadi, badilisha saa ya meseji, badilisha lugha. Aliyezungumza naye ni mashine. Kwa maoni yangu hilo linatofautiana sana na mhudumu wa Pumwani anayekupigia kwa sababu umenyamaza.

Pia sikatai kwamba meseji za upande mmoja zinaweza kufaa. Sydney, wagonjwa wa moyo 710 walitumiwa meseji nne kwa wiki kwa miezi sita, na lehemu (kolesteroli) mbaya, presha na uvutaji sigara vyote vilipungua kuliko kwa wenzao. Meseji zile zilichaguliwa kulingana na mtu: asiyevuta sigara hakuhubiriwa sigara. Kama huna watu wa kupiga simu, angalau fanya hivyo.

Meseji itaje jina la ugonjwa? (Wengi mno)

Hapana. Wala jina la dawa, wala "kliniki ya CTC" (ile ya VVU), wala "matokeo yako yako tayari".

Simu ya nyumbani hushikwa na mume, mkwe, mtoto anayecheza gemu. Laini isipotumika kwa muda, kampuni huiuza upya, na siri ya mgonjwa wako inamfikia mtu asiyemjua. Taarifa za afya zinalindwa kisheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022. Lakini mwanamke akifukuzwa nyumbani kwa sababu ya meseji yako, sheria haitamrudisha. Thibitisheni namba kila mgonjwa anapokuja dirishani.

Meseji yetu ina herufi 150 tu, lakini tunatozwa tatu. Kampuni inatuibia? (Fundi mitambo, Arusha)

Haiwaibii. Tafuta neno lenye ng', kama "ng'ambo" au "ng'oa". Umeandika kwenye kompyuta inayoipindisha yenyewe ritifaa, ile alama ya juu baada ya ng. Ritifaa iliyonyooka imo katika herufi za kawaida za simu. Iliyopinda haimo, na moja tu ikiingia, meseji yote inasimbwa kwa namna nyingine na kikomo kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67, na 150 zinakuwa vipande vitatu. Emoji hufanya hivyo hivyo. Ziondoeni zote mbili.

Tuliandika miadi vizuri, lakini wagonjwa wengi wa kisukari wanakuja mchana wakati kliniki ni asubuhi. (Muuguzi, Dodoma)

Muuguzi mwenzangu, fungua meseji yenyewe uisome. Nina hakika imeandikwa "08:00". Mfumo ulitengenezwa na mtu anayehesabu saa kuanzia usiku wa manane, na mgonjwa wako anahesabu kuanzia macheo, kwa hiyo amekuja saa nane. Waambie mafundi waandike kwa maneno: "saa mbili asubuhi". Na mkae mkijua kuwa kosa hilo hilo likiingia kwenye meseji ya sindano ya insulini, hasara yake si foleni tena. Mgonjwa anaweza kuanguka kwa sukari kushuka.

Tunaweza kuwaomba walipie bima kupitia meseji hizo hizo? (Meneja, Mombasa)

Hapana. Kila mtu ameshatumiwa ile ya "ile pesa itume kwenye namba hii". Siku namba ya kliniki itakapoomba pesa, wenye akili wataacha kuiamini, na matapeli watakuwa wamepata njia ya kuwafikia waliobaki.

Si bora tuhamie WhatsApp, na akili bandia ijibu? (Kampuni changa, Kigali)

Kwa wenye simu janja na bando, WhatsApp inafaa kama njia ya pili. Wazee wengi wa presha wana kitochi, na hao ndio wanaopotea kliniki. Kuhusu akili bandia: ipange majibu, itenganishe ya haraka na yasiyo ya haraka. Isimwambie mgonjwa aongeze au apunguze dozi.

Mama, nina kisukari. Kliniki ilinitumia meseji kuuliza hali, nikajibu kwamba nyayo zinawaka moto usiku na zinakufa ganzi. Hakuna aliyenipigia. Nisubiri? (Msomaji, Tanga)

Usisubiri, baba. Nenda wiki hii, na kama kuna kidonda au wekundu nenda leo. Kagua nyayo kila jioni, na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri mwite mtoto akutazamie. Usitembee pekupeku na usioshe miguu kwa maji ya moto wala kuota moto jikoni, maana mguu wenye ganzi huungua bila kukuambia.

Na kwa kliniki iliyomtumia meseji hiyo: mlimuuliza hali, akawaambia. Kama hamkuwa na mtu wa kusoma, hamkupaswa kuuliza, kwa sababu sasa amekaa nyumbani akiamini kwamba mnajua.

Tuna pesa kidogo sana. Tununue nini kwanza? (Zahanati, Lindi)

Simu moja ya kliniki, salio la mwezi, daftari la namba zilizothibitishwa, na nusu siku ya muuguzi mmoja kila wiki ya kusoma majibu na kuwapigia walionyamaza, iliyoandikwa kwenye ratiba ya zamu na kusainiwa na mganga mfawidhi.