Stockholm hadi Turku: pandeni meli ya asubuhi

Ndugu wakija kunitembelea Sweden, wengi huulizia meli za kwenda Finland. Mimi huwaambia waende, ila waache kwanza ile maarufu ya Helsinki inayosafiri usiku kucha. Wapande ya asubuhi, inayokwenda Turku, mji wa Finland.

Nasema hivyo kwa ajili ya visiwa. Ukitoka Stockholm, meli hupita kwa saa kadhaa katikati ya visiwa na majabali yanayokadiriwa kufika 30,000. Kuna mahali njia inabana hadi unawaona watu wamekaa vibarazani mwa nyumba zao nyekundu, wanakunywa kahawa, na watoto wanaipungia meli mikono. Hapo ndipo ilipo raha ya safari hii, na wengi huikosa kwa sababu wamejipanga foleni kwenye duka la meli. Pandeni sitaha ya juu. Chukueni koti hata kama ni Julai, maana upepo wa Bahari ya Baltiki hauna huruma. Ikifika jioni mtaingia kwenye visiwa vya Turku, navyo vizuri vilevile. Safari nzima huchukua takriban saa 11.

Katikati ya njia meli hutia nanga kwa muda mfupi Åland, visiwa vya Finland ambavyo watu wake huzungumza Kiswidi. Umoja wa Ulaya ulifuta maduka yasiyotoza ushuru kati ya nchi wanachama mwaka 1999, lakini Åland imo nje ya eneo la kodi la Umoja huo, kwa hiyo meli inayopita hapo inaruhusiwa kuuza bila kodi. Ndiyo maana nauli huwa nafuu: faida kubwa inatoka kwenye duka, baa na mikahawa. Ndiyo maana pia Ijumaa na Jumamosi ulevi na kelele huzidi. Mwenye watoto au wazazi wazee achague siku za katikati ya wiki.

Chumba si lazima mchana, ila kwa mzee anayehitaji kujinyoosha ni pesa iliyotumika vizuri. Vya bei ya chini kabisa havina dirisha, na katika baadhi ya meli huwa chini ya sitaha ya magari. Mkienda na gari, bebeni kila mnachohitaji mapema, kwani sitaha ile hufungwa meli ikiwa safarini. Bafe ina samaki wa kila namna, lakini bei yake kwa kawaida inajumuisha bia na divai; asiyekunywa atakula kwa unafuu zaidi mkahawani.

Simu iwekeni kwenye hali ya ndege mkiwa mbali na nchi kavu. Mtandao wa meli unapitia setilaiti na hauguswi na bei nafuu za simu za Umoja wa Ulaya. Bili yake inaweza kushinda nauli. Pasipoti na kibali cha ukaazi msiviache nyumbani, hata kama nchi zote mbili ziko ndani ya Schengen, eneo la Ulaya ambalo kwa kawaida watu huvuka mipaka bila ukaguzi wa pasipoti.

Mkifika, laleni Turku. Ngome yake ya karne ya 13 iko karibu kabisa na bandari, mnakwenda kwa miguu.