Jibu: Kula kwa shangazi bila kumvunjia heshima

Dada, umeuliza utafanyaje shangazi wa Kisumu akikualika tena, na jikoni kwake nzi ndio wenyeji. Usikatae. Fika mapema, jitolee kusonga ugali. Hapo utaosha sufuria na sahani mwenyewe na hakuna atakayekushuku. Ugali unaotoka motoni na samaki wa mchuzi aliyechemka vizuri havina shida. Ogopa kachumbari, na maji ya mtungi zaidi: kikombe cha kuchotea ndicho hichohicho cha kunywea, na kipindupindu huku tunakijua. Wewe omba chai. Watoto walishe kwanza nyumbani. Lakini hilo la mumeo kupangusa kijiko kwa shati mbele ya wazee, tafadhali, likome.