Matao ya aota: anzeni na kuku na mbuzi

Wadogo zangu mnaoanza udaktari hapa Moshi, jedwali la matao sita ya aota liwekeni kando kwanza. Aota ni mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, na matao ni mishipa iliyopinda ya kiinitete inayotoka kwenye aota hiyo, jozi kwa jozi, ikihesabiwa la kwanza hadi la sita. Nendeni Mbuyuni mkanunue kuku mzima, kisha moyo wa mbuzi ukiwa bado umeshikana na mapafu na bomba la hewa. Muuza nyama aambiwe mapema, maana hawa hupenda kuusafisha moyo mpaka mshipa wote unaishia kwenye ndoo.

Mlaze kuku chali, umfungue kifua polepole. Juu tu ya moyo, mishipa miwili minene inachepuka kwenda kwenye minofu ya kidari, ile inayopiga mabawa. Aota yenyewe inajikunja kulia. Kulia kwa kuku, si kwako uliyemwinamia. Maksi nyingi za bure hupotelea hapo. Kwa mbuzi, kama kwetu, inajikunja kushoto. Viinitete vya wote wawili vilianza na tao la nne pande zote mbili. Ndege alibakiza la kulia. Mamalia alibakiza la kushoto, na la kulia likaishia kuwa kipande cha ateri ya mkono wa kulia.

Chura na mjusi wanayo yote mawili hadi ukubwani. Kwa samaki kama sato, funua kifuniko cha shavu uhesabu mwenyewe: matao manne ya matamvua kila upande, kila moja na mshipa wake. Mamba ndiye kituko. Moyo wake una vyumba vinne kama wetu, lakini ana aota mbili, na ya kushoto inatoka kwenye ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia, ileile inayopeleka damu mapafuni.

Msichore matao sita yakiwa yamekamilika pamoja. La kwanza na la pili huwa yanafifia wakati ya nyuma yanajitokeza, na la tano kwa mamalia halionekani vizuri kabisa.

Sasa rudi kwa mbuzi. Pitisha kidole kati ya tao la aota na ateri ya mapafu, utagusa kamba ngumu, fupi. Ni mabaki ya tao la sita la kushoto, njia ambayo kabla ya kuzaliwa ilikuwa inaikwepesha damu mapafu. Neva ya kushoto ya sauti inazunguka chini yake ndipo ipande shingoni. Kwa twiga safari hiyo inapita mita 4. Kwa hiyo mkikutana wodini na mgonjwa aliyekwaruza sauti kwa wiki kadhaa na koo lake halina tatizo, mpigeni picha ya kifua: aota iliyovimba inaweza kuwa inaibana neva hiyo.